Fokasi au Zamu? Safari ya Dhana Moja kutoka Taipureta hadi Viunzi vya JavaScript

Utangulizi

Mtu yeyote aliyewahi kujaza fomu kwa kompyuta anaifahamu dhana tunayokusudia kuijadili, ingawa huenda hajawahi kuuliza jina lake. Fomu ina nafasi nyingi za kuandikia: jina, tarehe ya kuzaliwa, wilaya, namba ya simu. Katika makala haya kila nafasi ya namna hiyo tutaiita uga, na kwa wingi nyuga. Nyuga ni nyingi, lakini kibodi ni moja. Herufi inapobonyezwa huingia katika uga mmoja tu. Nyuga nyingine zote hukaa kimya. Hali hiyo ya uga mmoja kuwa ndio upokeao herufi kwa wakati fulani imepewa katika Kiingereza jina lililoazimwa kutoka elimu ya mwanga, nasi tumezoea kulitamka fokasi.

Mfasiri anayekutana na neno hilo ana njia kadhaa mbele yake. Aweza kuliacha kama lilivyo, aseme fokasi. Aweza kusema lengo, au kitovu, au mkazo, au uteuzi. Kila neno kati ya hayo lina sababu yake, na kila moja lina hasara yake. Ubishi wa namna hii hauamuliwi kwa kusikiliza ni neno lipi linalopendeza sikioni. Hapana budi kuitazama dhana yenyewe: ilizaliwa wapi, ilihitajiwa kwa kazi gani, na imebadilikaje hadi ikatufikia. Kusudi la makala haya ni kuifuata historia hiyo kwa ufupi, na kuonyesha kwamba inatuelekeza kwenye neno ambalo tayari tunalo, yaani zamu.

Jambo hili si la wataalamu wa kompyuta peke yao. Maombi ya vyeti vya kuzaliwa, ya hati za kusafiria na ya mikopo ya wanafunzi siku hizi hupelekwa kwa njia ya tovuti. Maelekezo ya fomu hizo, miongozo ya watumishi wanaozisimamia, na vitabu vya vijana wanaojifunza kuzitunga, vyote huandikwa au hufasiriwa na watu. Istilahi ikipotosha, anayeumia ni mwananchi aliyeketi mbele ya skrini asielewe kwa nini anachoandika hakionekani.

Asili ya neno

Focus ni neno la Kilatini, na maana yake ya awali ni meko, mahali pa moto ndani ya nyumba. Mwaka 1604 Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota, alilitumia katika kitabu chake cha elimu ya mwanga kutaja nukta maalumu za mikunjo ya kihesabu. Mtu aliyepata kuielekeza lenzi kwenye jua hadi karatasi ikaungua ataona mara moja uhusiano uliopo kati ya meko na nukta inapokutana miale. Kutoka hapo neno liliingia katika darubini na kamera, kisha katika mazungumzo ya kila siku, likawa na maana ya kukaza fikira juu ya jambo moja.

Waliounda kompyuta, walipotafuta jina la dhana yao, walilichukua neno hilo likiwa limekwisha kuzoeleka katika lugha yao. Lakini tukumbuke kwamba tamathali hiyo ni ya jicho, hali dhana yenyewe haihusu jicho. Mtumiaji aweza kuwa anatazama jedwali lililo juu ya skrini huku herufi zake zikiingia katika uga ulio chini. Tena, kama tutakavyoona, asiyeona kabisa huitegemea dhana hii kuliko anayeona. Lugha iliyozaa tamathali yaweza kuivumilia hitilafu hiyo kwa mazoea. Lugha inayopokea haina mazoea hayo, na kwa hiyo ina wajibu wa kuchunguza kabla ya kupokea.

Kutoka taipureta hadi skrini zenye nyuga

Taipureta ya Remington, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1874, haikuihitaji dhana hii. Kibodi ilikuwa imeungana na karatasi moja, na herufi ilianguka palipokuwa mbele ya nyundo. Swali la kuwa herufi iende wapi halikuwapo, kwa maana palikuwa na mahali pamoja tu. Kitufe kinachoitwa Tab, ambacho leo ndicho hutumika kuhama kutoka uga hadi uga, kilianzia katika taipureta kwa kazi ya majedwali: kilimwezesha karani kuruka kutoka safu moja hadi nyingine bila kubonyeza nafasi tupu mara nyingi.

Mabadiliko yalikuja pale skrini moja ilipogawanywa sehemu nyingi. Mwaka 1971 kampuni ya IBM ilitoa mitambo ya skrini iliyojulikana kwa namba 3270, ambayo ilienea sana katika mabenki, mashirika ya ndege na ofisi za serikali za nchi nyingi. Skrini ya mtambo huo iligawanywa katika nyuga. Baadhi zilikuwa zimefungwa, zikibeba maelezo tu. Nyingine zilikuwa wazi ili karani aandike. Kitufe cha Tab kilimpeleka karani kwenye uga wazi uliofuata, kikiziruka zile zilizofungwa. Aidha, mtunga programu aliweza kuamuru kielekezi, yaani ile alama inayoonyesha mahali pa kuandikia, kisimame katika uga anaoutaka wakati skrini inapotokea.

Hapa ndipo tunapoiona dhana yetu kwa mara ya kwanza katika umbo kamili. Mambo matatu yapo: kwamba apokeaye ni mmoja kwa wakati mmoja; kwamba upokeaji huhama kwa mfuatano; na kwamba mtumiaji na programu, wote wawili, wana uwezo wa kuuhamisha. Mambo haya matatu hayajabadilika hadi leo.

Enzi ya madirisha

Katika miaka ya 1970 watafiti wa kituo cha Xerox huko Palo Alto, katika jimbo la California, walitengeneza kompyuta ya Alto iliyotumia kipanya na madirisha. Dirisha zaidi ya moja likiwa wazi, swali la karani wa 3270 liliongezeka ngazi moja: si uga gani tu, bali ni uga gani wa dirisha gani. Mfumo wa X, ulioanzishwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT, ulilijibu swali hilo kwa kuweka amri maalumu ya kuteua dirisha litakalopokea herufi, na ukaiita amri hiyo kwa jina la fokasi. Watumiaji wake waligawanyika makundi mawili. Kuna waliotaka dirisha lililo chini ya kipanya lipokee herufi papo hapo. Na kuna waliotaka dirisha lisipokee mpaka libonyezwe.

Windows ya kampuni ya Microsoft, iliyotolewa mwaka 1985, nayo ilikuwa na amri ya namna hiyo. Hapa kuna jambo la kuzingatiwa na kila mfasiri. Mifumo hii ilikubaliana juu ya jina la kupokea, lakini haikukubaliana juu ya jina la kuacha. Katika X, dirisha linapoacha kupokea herufi husemwa kwamba fokasi imetoka nje. Katika Windows, ujumbe unaopelekwa kwa dirisha hilo husema kwamba fokasi imeuawa. Na katika JavaScript, kama tutakavyoona, husemwa kwamba uga umetiwa ukungu, kama picha iliyopigwa na kamera isiyotengenezwa vizuri. Kutoka nje, kuuawa, kutiwa ukungu: tamathali tatu kwa tendo moja. Mfasiri atakayezifuata neno kwa neno atawapa wasomaji wake mambo matatu yasiyohusiana, hali yanayosemwa ni jambo moja tu, yaani kuachia.

Tovuti na JavaScript

Mtandao wa tovuti uliobuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN, ambao pendekezo lake la kwanza ni la mwaka 1989, ulianza kama mtandao wa kusomea. Fomu ziliongezwa baadaye, na zikawekwa rasmi katika toleo la pili la lugha ya HTML mnamo Novemba 1995. Mwaka huohuo Brendan Eich aliitunga lugha ya JavaScript kwa ajili ya kivinjari cha Netscape. Tangu toleo lake la kwanza lugha hiyo ilikuwa na amri mbili zinazotuhusu: focus, ya kuupa uga upokeaji wa herufi, na blur, ya kuuondolea. Ilikuwa pia na njia ya kujua uga umepata au umeachia upokeaji huo, ili programu ichukue hatua, kwa mfano kukagua kama tarehe iliyoandikwa ni sahihi mara tu mtu anapoondoka katika uga wa tarehe.

Toleo la nne la HTML, la Desemba 1997, liliongeza sifa ya kupanga mfuatano wa nyuga kwa namba. HTML5, iliyoidhinishwa mwaka 2014, iliweka sifa inayouwezesha uga mmoja kupokea herufi tangu ukurasa unapofunguka, bila JavaScript. Mwenye kuikumbuka mitambo ya IBM ataona kwamba hili si jambo geni: ni ile amri ya mwaka 1971 ya kusimamisha kielekezi, iliyorudi kwa vazi jingine.

Viunzi na ugumu uliojitokeza

Kwa kiunzi tuna maana ya mkusanyo wa programu zilizotayarishwa ili mtunga programu ajenge juu yake, kama fundi anavyojenga juu ya nguzo na boriti zilizokwisha kusimamishwa. Viunzi vitatu vya JavaScript vimevuma zaidi: AngularJS wa kampuni ya Google, wa mwaka 2010, React wa kampuni ya Facebook, uliotolewa kwa umma mwaka 2013, na Vue wa Evan You, wa mwaka 2014.

Viunzi hivi vilibadili namna ya kufikiri. Zamani mtunga programu aliuamuru ukurasa hatua kwa hatua: tafuta uga wa jina, ubadilishe rangi, uandike neno hili ndani yake. Katika viunzi haamuru, bali anaeleza. Anasema: ikiwa data ni hizi, ukurasa uonekane hivi. Kuuchora ukurasa ni kazi ya kiunzi chenyewe, nacho huchagua wakati wa kuifanya.

Mambo mengi ya uga hueleza vizuri kwa njia hiyo. Maandishi yaliyomo, rangi yake, kufungwa au kufunguliwa kwake, yote hayo ni sifa ambazo kila uga waweza kuwa nazo bila kuuliza nyuga nyingine. Lakini upokeaji wa herufi si sifa ya namna hiyo. Ni mmoja kwa ukurasa mzima. Ukitolewa hapa, umenyang'anywa kule. Zaidi ya hayo, mtumiaji huuhamisha wakati wowote kwa kitufe cha Tab au kwa kipanya, bila kukiomba kiunzi ruhusa. Kwa hiyo uga haumiliki upokeaji huu. Unaushika kwa muda, kisha unaupisha mwingine.

Ndiyo maana kila kiunzi kimelazimika kuacha mlango wa pembeni wa kuipitisha amri ya zamani. Katika React, mtunga programu hupata mshiko wa kuufikia uga halisi uliochorwa, kisha huuamuru upokee herufi. Tangu toleo la Februari 2019 njia ya kawaida ya kufanya hivyo ni kuutaja mshiko huo kwa useRef na kutoa amri ndani ya useEffect, ambayo hutekelezwa baada ya kuchora. Katika Vue, mtu hutunga agizo lake mwenyewe na kulibandika kwenye uga. Na maelekezo rasmi ya Vue, katika kufundisha namna ya kutunga maagizo, yameuchagua mfano huuhuu, yakauita v-focus. Katika toleo la pili la Vue amri hutolewa kwenye hatua iitwayo inserted, yaani uga ulipokwisha kuingizwa katika ukurasa. Katika toleo la tatu, la mwaka 2020, hatua hiyo huitwa mounted.

Msisitizo juu ya hatua si wa bure. Uga ambao haujachorwa hauwezi kupokea kitu. Tuchukue mfano wa fomu ambayo, mtu akibonyeza "Nina mtoto", hufungua uga mpya wa jina la mtoto. Mtunga programu akibadili data na papo hapo akatoa amri ya kuupa uga huo upokeaji, aghalabu amri itaanguka patupu, kwa sababu kiunzi hakijauchora bado. Vue, kwa mfano, hukusanya mabadiliko na kuyachora pamoja, na kwa ajili hiyo ina amri ya nextTick ya kusubiri mpaka uchoraji umalizike. Kijana anayejifunza akiwa amefundishwa kwamba fokasi ni sifa ya uga, kama rangi, hataelewa kwa nini lazima asubiri. Akiwa amefundishwa kwamba ni zamu, ataelewa bila kuelezwa mara mbili: huwezi kumpa zamu mtu ambaye hajafika.

Wanaoitegemea zaidi

Kwa mtu anayeona na mwenye kipanya, upokeaji ukipotea si msiba, atabonyeza anapotaka. Lakini wako watu wasioona, wanaotumia programu inayowasomea skrini kwa sauti, na wako wasioweza kushika kipanya kwa ulemavu wa mikono. Kwao kibodi ndiyo njia, na programu ya kusoma skrini huwatajia kile kilichoshika upokeaji wakati huo.

Viunzi vimewaletea watu hawa tatizo. Tovuti nyingi zilizojengwa kwa viunzi hazifungui ukurasa mpya. Hubadili sehemu ya ukurasa uleule. Ikiwa sehemu iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa na uga au kitufe kilichoshika upokeaji, basi hakuna tena aliyeushika. Anayeona huona ukurasa mpya. Asiyeona aweza asisikie kitu, akadhani kwamba ombi lake halikupokelewa.

Shirika la W3C, lisimamialo viwango vya tovuti, lililiona jambo hili mapema. Mwongozo wake wa Desemba 2008 uliagiza kwamba mfuatano wa upokeaji uwe wa kueleweka, kwamba kilichoshika upokeaji kionekane, na kwamba pasiwe na mahali ambapo mtumiaji wa kibodi ataingia asiweze kutoka. Toleo la Oktoba 2023 liliongeza kwamba kilichoshika upokeaji kisifunikwe kabisa na vitu vingine vya ukurasa. Masharti haya yataingia katika miongozo ya Kiswahili ya watumishi wa serikali na wajenzi wa tovuti. Yakiandikwa kwa istilahi mbovu hayatatekelezwa, kwa sababu hayataeleweka.

Istilahi

Sasa tuyapime maneno yaliyotajwa mwanzoni. Lengo ni neno lenye kazi nyingine kubwa: msomaji anayeambiwa "lengo lirudishwe kwenye uga wenye kosa" ataanza kufikiria madhumuni ya fomu. Kitovu hueleza katikati ya kitu, na uga unaopokea herufi waweza kuwa pembeni kabisa. Mkazo hutumika katika isimu, na pia kwa maandishi yaliyokozwa. Uteuzi ni hatari zaidi, kwa sababu kuteua ni dhana nyingine iliyo jirani. Katika orodha ya visanduku vitano vya kutiwa alama, vitatu vyaweza kuwa vimeteuliwa, huku kinachopokea kibodi ni cha nne ambacho hakikuteuliwa. Anayeziita dhana mbili hizi kwa jina moja hataweza kuieleza orodha hiyo.

Fokasi haipotoshi, lakini wala haielezi. Libaki katika fizikia, katika lenzi na vioo, ambako tamathali ya meko na miale ina mahali pake.

Zamu, kwa upande wake, hubeba mambo yote matatu tuliyoyaona mwaka 1971. Mwenye zamu ni mmoja. Zamu huhama kwa mfuatano, lakini mwenye mamlaka aweza kuivusha mfuatano huo. Tena ashikaye zamu, kama mlinzi langoni, ndiye anayepokea chochote kinachofika wakati wake. Aidha neno hili huzaa ukoo mzima bila taabu: kuupa uga zamu, kupokea zamu, kuachia zamu, kupoteza zamu, kurudisha zamu, zamu ya awali, kwa uga unaopokea herufi tangu ukurasa unapofunguka, mfuatano wa zamu, alama ya zamu, kwa ule mstari unaozunguka uga, na mtego wa zamu, kwa mahali ambapo mtumiaji wa kibodi hunaswa. Zile tamathali tatu za kutoka nje, kuuawa na kutiwa ukungu hukutana katika neno moja, kuachia zamu. Na neno ukungu likabaki kwa picha zinazofifishwa kweli, kwani katika tovuti nalo hilo lipo, na kwa Kiingereza majina ya mambo hayo mawili ni mamoja.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Yaweza kusemwa kwamba zamu ni ya watu, na kwamba msomaji atafikiri juu ya zamu za kazi za usiku na mchana. Twajibu kwamba mara ya kwanza katika matini iandikwe kwa ukamilifu, zamu ya kibodi. Baadaye zamu peke yake yatosha. Kwa njia hiyo sentensi yetu ya mfano itasomeka hivi: "Kosa likionekana, zamu ya kibodi irudishwe kwenye uga wenye kosa." Karani wa wilayani na mwanafunzi wa chuo wataielewa kwa namna moja.

Hitimisho

Tumeona kwamba jina la Kiingereza lilitoka mekoni likapita katika lenzi, hali dhana yenyewe ilitoka katika skrini za makarani na kupita katika madirisha hadi viunzi. Njia hizo ni mbili, na mfasiri hulazimika kuchagua aifuate ipi. Sisi twaona kwamba istilahi hufasiriwa kutoka katika kazi ya dhana, si kutoka katika picha ambayo lugha nyingine iliitumia kuielezea. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi walijaribu neno zamu katika matini zao, hasa katika miongozo ya kuwahudumia wasioona, na watuletee mifano ya mahali linapofaa na mahali linapokwama. Neno likifaulu katika fomu ya cheti cha kuzaliwa ya mtu asiyeona, litakuwa limepita mtihani mgumu kuliko wowote tunaoweza kuutunga ofisini.